Sura ya Tisa: Lozi Isiyoliwa na Tindikali

Mama Rizqi alikuwa amekaa palepale pake, kwenye ngazi za ofisi ya mwendesha mashtaka, pembeni kidogo ili wenye shughuli zao wapite. Mapajani alipakata kopo kubwa la bati lililofungwa kwa kitambaa cheupe. Mvua ya Iskandaria ilikuwa ikimchapa bega moja, naye hakusogea, maana hata upande wa pili hapakuwa na paa.

Meja Shukri Dardiri alimwona tangu kwenye kona, akainamisha kichwa na kukaza mwendo. Kifuani, ndani ya koti, alikuwa na kisanduku kidogo cha mbao alichokichukua kwa saini asubuhi hiyo katika chumba cha vielelezo. Alimwambia mtunza vielelezo kwamba anakwenda kukikagua tu. Hakusema anakwenda kukikagua wapi.

"Meja! Meja Shukri! Sikuzuii, mwanangu. Neno moja tu."

Akasimama. Angefanyaje?

"Mvua yote hii, Mama Rizqi, huna nyumba?"

"Nyumba ninayo. Asiyekuwemo ndiye niliyemfuata huku." Bibi akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Sikia. Jana waliniita nikamwone. Wala haikuwa siku yangu! Nikafika, askari hata hakunifokea. Kiti akanipa, mimi, kiti! Wakaniacha nikamshika Rizqi mkono, jambo ambalo sijalipata tangu wamfunge. Nikasema moyoni, kumbe na gereza nalo linafunga Ramadhani."

"Ni vizuri, mama."

"Sikukuu imewalainisha, au siyo?"

"Huenda."

"Basi leo nimeoka kahki. Za samli, si za mafuta. Nataka Rizqi ale biskuti za Sikukuu kama watoto wa wenzangu. Hapo mlangoni wananiambia ngoja bwana mkubwa arudi, katoka tangu alfajiri. Unadhani atakubali?"

"Nikimwona nitamwuliza mwenyewe," alisema Meja, akaondoka. Alikuwa na haraka, na mwenye haraka husikia nusu ya anachoambiwa.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Rizqi alikuwa mlinzi wa ghala la pamba kando ya mfereji wa Mahmudia. Dada yake alikuwa amechumbiwa na kijana fundi rangi, Fathi Ghurabi. Fathi akawa anaisogeza harusi mbele, leo hivi kesho vile, mpaka Rizqi, shemeji mtu, akamkunja shati mbele ya watu kwenye mkahawa na kumwambia, "Nitakunywesha mfereji." Kesho yake Fathi akaokotwa amekufa, lakini baharini, kwenye majabali. Wengi wakasema bahari imemchukua, msimu wa dhoruba ulikuwa umeanza. Ndipo maabara ya serikali ilipochukua kipande cha pafu la marehemu na kukiyeyusha katika tindikali. Tindikali hula nyama yote, haibakizi damu wala mshipa. Kitu kimoja tu hakiliki: mwani wa kioo, viumbe vya majini vidogo kuliko vumbi, ambavyo gamba lao ni kioo kitupu. Anayezama huvuta maji pamoja na mwani wake, na kila maji yana mwani wake. Katika pafu la Fathi mtaalamu aliona mwani wa maji matamu. Basi amezamishwa Mahmudia, akabebwa mpaka baharini. Nani anakaa Mahmudia? Nani alimtishia kumnywesha mfereji? Hakimu hakuhitaji zaidi. Rizqi akahukumiwa kunyongwa, rufaa ikakataliwa, na kila mtu alijua kwamba kamba haitafungwa kabla ya Sikukuu kupita.

Meja hakuridhika kwa sababu ya viatu. Viatu vya Fathi vilikutwa juu ya jabali, vimefungwa pamoja kwa kamba zake, na soksi zimesokotwa ndani kama anavyosokota mtu mwenyewe akitaka kwenda miguu mitupu. Ndani ya soksi kulikuwa na mchanga wa bahari. Mwendesha mashtaka alisema muuaji ndiye aliyeviweka. Muuaji gani anayetia mchanga ndani ya soksi ya maiti?

*

Daktari Inayati Sirgani alikaa Attarin, ghorofa ya juu ya duka la vitu vya kale. Alifundisha chuoni habari za mimea ya majini mpaka akastaafu, na alipostaafu hakuacha. Wagiriki na Wataliano walipouza nyumba zao na kupanda meli, madaktari wao waliacha hadubini, na Daktari Inayati alikuwa akishuka dukani kuchagua vipande. Kila mtu alikimbilia lenzi za juu. Yeye alitafuta za chini, zile ziitwazo kondensa: lenzi mbili tatu ndani ya kikombe cha shaba, zinazokaa chini ya meza ya hadubini na kuukusanya mwanga kabla haujapanda. Alikuwa nazo rafu nzima, nyingine zina kutu ya kijani, nyingine zimefungwa kwenye soksi za watoto ili zisikwaruzane.

"Umechelewa," alisema alipofungua mlango. "Vua viatu. Paka amelala kwenye kiti chako, kwa hiyo utasimama."

"Nimekileta."

"Nimeona. Umekishika kifuani kama bibi harusi na dhahabu yake."

Meja akakifungua kisanduku. Ndani mlikuwa na kioo kimoja chembamba, kirefu kama kidole, katikati yake doa lisilozidi ukucha wa mtoto. Shingo ya mtu mzima ilikuwa imening'inia kwenye doa lile.

Daktari alikiweka kwenye hadubini yake, akawasha taa, akainama. Kisha akasema, bila kuinua kichwa:

"Mtaalamu wenu hakusema uongo."

"Maana yake?"

"Mwani wa maji matamu upo. Tele. Wa Mahmudia kabisa, ningeapa."

Meja akashika ukingo wa meza. Alikuwa amezunguka na jambo hili wiki baada ya wiki, wakubwa wake wamekwisha mwambia aache, na sasa jibu ni lilelile. "Basi," alisema. "Nirudishie, nikirudishe kabla hakijaulizwa."

"Una haraka ya kushindwa, Meja? Hapa nimeangalia kwa mwanga wa kunyooka tu, kama walivyoangalia wao. Kondensa yao imezibwa, haina pa kutia kitu. Mwanga unapanda wima, unakuchoma jicho, na kila kisicho na rangi kinamezwa na weupe. Mwanga wa kunyooka ni shahidi aliyefundishwa la kusema. Ngoja tumwulize kwa upande."

Akavuta rafuni kondensa moja ya zamani, pana mdomo, ya kazi ya Kijerumani kabla ya vita vya kwanza. Ilikuwa nyembamba kuliko pete ya hadubini yake, kwa hiyo alikuwa amekwisha kuitia mkanda: pete ya shaba aliyoikata kwa msumeno kwenye tangi la jiko la mafuta ya taa, akaipiga tupa mpaka ikaingia. Ilibaki ikicheza kidogo. Akaikunjia karatasi ya sigara, akaisukuma kwa kidole gumba, ikakaa.

"Karatasi ya sigara umeitoa wapi, na mwezi wenyewe huu?"

"Mwezi ukiisha nitaivuta. Usinipumulie shingoni! Harufu ya kinywa cha aliyefunga inampendeza Mungu. Mimi si Mungu."

Chini ya kondensa ile palikuwa na kitrei cha duara kinachofunguka kando kama mlango. Daktari akakitoa, akaweka ndani yake kipande cha kioo cha duara, na katikati ya kioo alikuwa amegundisha sarafu ndogo ya milimu moja, iliyopakwa masizi ya mshumaa mpaka ikawa nyeusi ti.

"Sarafu inaziba njia ya katikati," alieleza. "Mwanga unapita pembeni peke yake, unakipiga kioo kwa mshazari na kwenda zake. Haufiki jichoni. Kinachofika jichoni ni ule tu uliogonga kitu ukaruka. Tazama."

Meja akainama. Weupe wote ulikuwa umezimika. Palikuwa na giza, giza la kisimani, na ndani yake viliwaka vitu: mashua ndogondogo, sindano, mawe yenye kingo za moto.

"Wako wa aina mbili," Daktari alisema. "Tafuta wale wenye umbo la mashua. Ndani yao unaona nini?"

"Uchafu. Kama kiini cha yai, cha dhahabu."

"Huo ni utumbo wao. Sasa sogeza kidogo kushoto. Wale wa mviringo, wembamba?"

"Hawana kitu ndani. Watupu. Wamevunjika vunjika."

"Meja, pafu hili lilichemshwa katika tindikali. Tindikali inafanya nini?"

"Inakula kila kilicho..." Meja akainua kichwa. "Basi utumbo wa wale wa kwanza ungeliwa."

"Mimi ni mwalimu. Napenda mwanafunzi akisema mwenyewe."

Akaondoa sarafu. Pembeni mwa kondensa palikuwa na skurubu ndogo ya meno, kitu ambacho watengenezaji wa siku hizi hawakisumbukii tena. Akaizungusha, na tundu la mwanga likahama polepole kutoka katikati kwenda ukingoni. Meja aliambiwa aangalie mmoja tu kati ya wale watupu. Kwanza ulikuwa kivuli, kama alama ya glasi iliyokauka mezani. Mwanga ulipozidi kulala upande, ikaanza kutokea mistari, mbavu baada ya mbavu, zikitoka katikati kama miali, kila moja na kivuli chake. Ilikuwa kama kuangalia shamba lililolimwa jua linapokuchwa.

"Huyo," alisema Daktari Inayati, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "haishi Mahmudia hata kwa siku moja. Huyo ni wa maji ya chumvi. Kwa mwanga wa kunyooka haonekani, na asiyeonekana haandikwi."

"Wa bahari wameliwa utumbo."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo walikuwa ndani ya pafu wakati wa tindikali. Na wa mfereji?"

"Wameingia baadaye."

"Nani amewaingiza? Mtu kaja na chupa ya maji ya mfereji akamwagia?" Akilini mwake tayari ilikuwa imepita sura ya mwenye ghala la pamba, tajiri ambaye hakuitaka kesi ikae karibu na vitabu vyake, na ambaye alikuwa na ndugu katika kila ofisi. "Nikimpata aliyehongwa..."

"Acha kwanza kunyonga mtu mwingine. Kuna kitu hapa sikijui." Daktari alikuwa amerudisha sarafu na kuinama tena. "Magamba magamba. Ya rangi ya chai. Si mwani, si nyama."

Akafungua droo, akatoa miwani ya jua iliyovunjwa, ile inayouzwa kwa watalii kwamba inakata mng'ao wa bahari. Lenzi moja akaitia kwenye kitrei cha kondensa, ya pili akaishika juu ya jicho la hadubini na kuizungusha taratibu. Ilipofika robo mzunguko, kila kitu kikazimika, mwani wa tamu na wa chumvi sawia. Yale magamba hayakuzimika. Yaliwaka peke yao gizani.

"Ukuta wa mmea," alinong'ona. "Mgumu, una vitobo. Umbo la pipa... Nimewahi kuyaona, wapi? Ngozi ya mbegu. Kokwa." Akakaa wima. "Lozi, Meja. Hii ni ngozi ya lozi chungu. Nionyeshe mfereji unaoota lozi."

Meja aliiacha meza. Alikwenda dirishani. Chini, muuza taa za Ramadhani alikuwa akifunika vioo vyake vya rangi kwa turubai. Tindikali imelila pafu lote la Fathi. Imekula utumbo wa mwani. Lozi haikuila. Basi lozi nayo ilikuja baada ya tindikali, pamoja na mwani wa mfereji, katika maji yaleyale. Maji yenye lozi. Akamwona kwa jicho la moyo bibi yake mzaa mama, ua wa nyumba ya Damanhuri, mkono wake mpaka begani ndani ya mtungi mkubwa wa udongo, akisugua lozi chungu kwenye kuta zake mpaka tope la Nili lishuke chini na maji yabaki meupe.

"Mtungi," alisema. "Hakuna aliyehongwa. Kioo kimeoshwa kwa maji ya mtungi."

*

Mtungi ulikuwa mlangoni pa maabara, juu ya kigoda cha chuma, umefunikwa kwa mfuniko wa mbao na bati la kuzuia mvua. Kopo la kunywea lilifungwa kwa mnyororo. Kwa kuwa ulikuwa mwezi wa kufunga, mtunza maabara, Ami Bayumi, alikuwa ameupindua mdomo wa kopo chini, ili asiyefunga aone haya na aliyefunga asitamani. Alikuwa mzee mnene mwenye pumu, na vidole vyake vilikuwa vya manjano kwa dawa.

"Karibu, afande. Ningekupa maji, lakini nitakutafutia dhambi."

"Mtungi wako huu, Ami Bayumi?"

"Sabili. Nimeuweka kwa ajili ya mama yangu, Mungu amrehemu. Akinywa mpita njia, thawabu zinamfikia yeye."

"Maji unatoa wapi?"

"Nakaa Mahmudia, mimi. Nachota alfajiri, kabla punda wa watu hawajaingia. Naleta na mkokoteni wa jirani."

"Na lozi unasugua?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Afande, umekuja kunifunga kwa lozi? Nasugua, ndiyo. Bila lozi ungekunywa tope."

Meja hakucheka. "Vioo vya maabara unaosha kwa maji gani?"

"Zamani tulikuwa na mtambo wa kuchemshia, unakusanya mvuke. Ulipasuka. Tumeomba mwingine, tumeomba, tukiambiwa subirini bajeti. Maji ya bomba yananuka dawa, afande, yanaacha chumvi nyeupe kwenye kioo. Wataalamu wananifokea: Bayumi, hivi ni vioo au ni sahani za mgahawa? Nikajaribu ya sabili." Akagusa ubavu wa mtungi kama anavyogusa mtu shingo ya farasi wake. "Kioo kikatoka safi kama chozi. Wakasema, sawasawa, Bayumi, sasa umeelewa kazi."

"Na mabaki ya pafu, baada ya tindikali? Yale unayasuuza na nini?"

"Na hayohayo." Sauti yake ilianza kupungua. "Mara nne, tano, mpaka ukali utoke. Ya nani hayo unayouliza?"

"Ya kijana wa majabalini. Fathi Ghurabi."

"Nakumbuka." Ami Bayumi akakaa kwenye ukingo wa kigoda. "Hayo niliyaosha kwa uangalifu zaidi. Nilisema, mtoto wa watu huyu, asizame mara ya pili kwenye uchafu." Akamtazama Meja usoni. "Nimekosa nini? Maji haya watu wanakunywa. Mimi nakunywa."

Meja alijaza chupa ndogo kwenye mtungi ule, akaiziba, akaomba na kipande cha lozi iliyobaki. Mzee alikitoa kwenye mfuko wa kanzu.

Attarin, Daktari Inayati alitia tone la chupa ile chini ya kondensa yake. Giza la sarafu, kisha mshazari, kisha miwani. Mashua zilezile na utumbo wao wa dhahabu. Magamba yaleyale yakiwaka peke yao. Akaandika maelezo yake kwa mkono, akatia sahihi na cheo chake cha zamani, akapuliza wino.

"Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu," alisema, "taka ndani ya kioo zimekuwa na faida. Nenda. Na Meja, usitembee. Kimbia."

*

Alikimbia. Watu waliokuwa wakirudi nyumbani na mikate ya futari walimpisha, wakidhani anamfukuza mwizi. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mawingu, na mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Kwenye ngazi Mama Rizqi alinyanyua mkono, naye akampungia karatasi bila kusimama. Kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, alikuwa na kitu cha kumpungia.

Ofisini alikuwamo karani peke yake, Zakaria, akifunga madaftari.

"Nataka kumwona mwendesha mashtaka. Sasa hivi. Hukumu ya Rizqi isimamishwe, ninao ushahidi."

Zakaria aliacha kufunga. "Hayupo, afande."

"Nimeambiwa tangu asubuhi hayupo. Karudi?"

"Alirudi mchana kidogo kwa mlango wa nyuma, akaenda nyumbani. Alisema hajisikii vizuri. Leo hataki kuonana na mtu."

"Alikuwa wapi?"

"Kazi ya nje."

"Kazi gani ya nje inamtoa mwendesha mashtaka alfajiri?"

Karani akatazama meza. Na hapo Meja Shukri Dardiri, ambaye kutwa nzima alikuwa ameona visivyoonekana, alikiona alichokuwa amekipita asubuhi kikiwa wazi kwa mwanga wa kunyooka. Kuna kazi moja tu ya alfajiri ambayo sheria inamtaka mwendesha mashtaka aishuhudie kwa macho yake. Na sheria hiyohiyo inasema jamaa wa mtu wamwone siku moja kabla. Hata kama si siku yao. Wapeni kiti. Waacheni washikane mikono.

"Walisema baada ya Sikukuu," alisema.

"Walisema. Amri ikaja kutoka Kairo: wakati wa Sikukuu hanyongwi mtu, na baada yake wakubwa wako likizo. Wamalize kabla." Zakaria aliusogeza muhuri wake kando. "Bendera nyeusi ya gereza imepandishwa alfajiri na saa hii imekwisha shushwa. Mimi siandiki amri, afande, mimi napiga muhuri tu."

"Mama yake ameambiwa?"

"Tumemtuma askari nyumbani kwake tangu asubuhi, aje achukue maiti. Amekwenda mara mbili, amekuta mlango umefungwa."

"Amekaa kwenye ngazi zenu."

"Nani?"

"Mama yake. Amekaa kwenye ngazi zenu kutwa nzima."

Zakaria akageukia dirisha. "Yule mwenye kopo?" alisema. "Sisi tulidhani anauza."

Meja alikunja maelezo ya Daktari Inayati mara mbili, akayatia kwenye kisanduku cha mbao pamoja na kioo, akakifunga. Kisha akashuka.

Barabara ilikuwa imeanza kuwa tupu, kama inavyokuwa dakika za mwisho kabla ya mzinga wa futari. Mama Rizqi alikuwa amefungua kopo kidogo, anaangalia kama mvua imeingia.

"Hazijaloa," alimwambia. "Umemwuliza?"

Meja alikaa. Alikaa palepale kwenye jiwe lililoloa, pembeni yake, na sare yake.

"Mama Rizqi, Rizqi hakumwua Fathi. Nimepata hakika leo. Fathi alizama baharini mwenyewe."

"Mimi nililijua," alisema bibi bila kushangaa. "Wewe ndiye uliyekuwa hujui. Lakini Mungu akulipe, umehangaika." Akatoa kahki moja, ya duara, imefinywa juu kwa koleo la shaba mistari mistari, kutoka katikati mpaka ukingoni, kama miali. "Shika, ufuturu nayo. Umechongoka uso leo, hukula daku. Sasa watamtoa lini? Kabla ya Sikukuu?"

Meja aliipokea. Aliiangalia mistari ile. Bibi alikuwa ameanza kutetemeka kwa baridi, basi Meja akaweka kahki gotini, akavua koti lake zito la polisi, akamwekea mabegani na kulikaza kifuani mwake.

Mama Rizqi aliliangalia lile koti. Alizigusa nyota za begani kwa kidole kimoja, taratibu. Kisha akamwangalia Meja alivyokaa pale chini, Meja mzima, kwenye ngazi za watu.

"Jana walinipa kiti," alisema.

Meja aliitazama kahki iliyokuwa gotini.

"Jana kiti. Leo koti."

Mzinga ukalia kutoka upande wa bandari, na madirishani kote vijiko vikaanza kugonga mabakuli. Kati ya wale wawili ngazini hakuna aliyenyoosha mkono. Mama Rizqi alirudisha kifuniko cha kopo, akavuta zile ncha nne za kitambaa, akapiga fundo, na juu ya fundo akapiga fundo jingine, na jingine, mpaka kitambaa kikaisha.